Mgonjwa Asiyeumwa

Mafunzo ya udaktari kwa maigizo ya moja kwa moja mtandaoni yalienea mwaka 2020, lakini chanzo chake ni cha zamani. Mnamo mwaka 1963, Howard Barrows, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mwanamke mwenye afya njema aigize mgonjwa aliyepooza miguu. Wanafunzi walimhoji na kumpima, kisha yeye akaandika jinsi kila mmoja alivyomtendea.

Barrows alikuwa na sababu. Mgonjwa wa kweli aliyekuwa akitumiwa kwenye mitihani aliwahi kumkiria kuwa alimbadilishia mtahiniwa dalili kwa makusudi, kwa vile alimtendea kwa ukali. (Walimu wa lugha, mnamjua mgonjwa huyo.) Hata hivyo, magazeti yalimkejeli Barrows, na baadhi ya wenzake wakaona analeta sinema za Hollywood katika taaluma yao.

Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani ambao mwanafunzi huhama kituo hadi kituo, na mgonjwa wa kuigiza akapata nafasi yake humo. Marekani nayo iliweka mtihani wa aina hiyo katika safari ya kupata leseni mwaka 2004, ikausimamisha Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na Januari 2021 ikaufuta kabisa.

Vyuo vingi, hata hivyo, vilihamishia igizo kwenye tarakilishi. Mwigizaji aliketi kwake, mwanafunzi kwake, na mkufunzi akazima picha yake akisikiliza. Mikono ikawa haina kazi. Mwanafunzi alilazimika kutamka: "Sasa ningekubonyeza tumbo upande wa kulia," naye mkufunzi akamtajia ambacho angekigundua. Ni hasara kubwa, maana tumbo gumu halijulikani kwa maneno. Lakini kilichobaki, yaani kuuliza, kusikiliza na kueleza, ndicho tunachokifundisha sisi.

Igizo la "kwa daktari" tunalo madarasani tangu zamani, ila aghalabu tunaliharakisha. Nilipowapa wanafunzi wangu wa udaktari igizo hilo kwa njia ya mtandao, mmoja alisoma swali nililomwandikia: "Mama, umepata choo leo?" Mwenzake aliyeigiza mgonjwa akajibu kwa uchangamfu, "Ndiyo, kipo nyuma ya nyumba." Tulicheka sana. Kwa jirani aliyejifunzia Kiswahili kitabuni, kupata choo ni kukiona kilipo. Tukaendelea na "moyo unaniuma", ambao huenda ni ugonjwa na huenda ni huzuni. Daktari asiyeuliza swali la pili hatajua.

Tangu siku hiyo anayeigiza mgonjwa darasani kwangu hujaza karatasi mwishoni, kama yule mwanamke wa 1963. Swali la kwanza ni kama daktari alimsalimu kabla ya kumuuliza anaumwa nini. Wanaosahau ni wengi kuliko nilivyotarajia.