Kanuni ya Mieleka Nje ya Ukumbi

Katika madarasa ya judo na karate, iwe Unguja au Paris, mwanafunzi hakai sana kabla ya kuambiwa kwamba anachofundishwa si kupigana tu, ni kuishi. Kauli hiyo huja na mwenzake: kwamba hekima hii ni ya kale, imerithiwa kwa samurai waliotembea na panga mbili kiunoni. Ya kwanza naikubali. Ya pili historia inaikataa. Wazo kwamba kanuni ya mieleka yaweza kumwongoza mtu sokoni, shuleni na nyumbani kwake lilijengwa, kwa sehemu kubwa, na mwalimu mmoja wa Tokyo, Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliyefungua ukumbi wake mwaka 1882. Alilijenga wakati ustadi wenyewe wa kupigana ulikuwa umekosa kazi.

Baada ya mageuzi ya Meiji ya mwaka 1868, Japani ilianza kuunda jeshi la wananchi wa kawaida lenye bunduki za kisasa. Mwaka 1876 samurai walikatazwa kubeba panga hadharani, na mwaka huohuo posho walizokuwa wakilipwa kizazi baada ya kizazi zikakomeshwa. Walimu wa jujutsu, yaani mieleka ya kivita ya zamani, walibaki bila wanafunzi, na wengine walijikimu kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Ndiyo maana kijana Kano, aliyezaliwa mwaka 1860 katika ukoo wa watengenezaji wa sake karibu na Kobe, alipochoka kuonewa na wenzake shuleni kwa sababu ya umbo lake dogo, aliwatafuta walimu wa kupigana miongoni mwa waunga mifupa. Alimpata Fukuda Hachinosuke mwaka 1877. Wakati huohuo alikuwa Chuo Kikuu cha Tokyo akisoma siasa na uchumi, ambako Mmarekani Ernest Fenollosa alikuwa mmoja wa wahadhiri. Mtu huyu basi alikunywa maji ya visima viwili: jioni alitupwa chini na wazee wa jujutsu, mchana alisoma jinsi mali na nguvu za taifa zinavyotumika vema au kupotea bure. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua ukumbi wake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji, kwenye chumba cha mikeka 12, na mwaka ule wa kwanza akapata wanafunzi tisa.

Jujutsu ilikuwa na kanuni yake ya zamani, yenye asili katika maandiko ya Kichina: ulaini hushinda ugumu. Kano aliieleza kwa hesabu. Tuseme mpinzani wangu ana nguvu kumi, mimi saba. Akinisukuma nami nikakaza, nitashindwa. Lakini nikirudi nyuma kwa kadiri ileile anayonisukuma, atainama mbele na kupoteza mizani, nguvu zake zitashuka hadi tatu, na mimi bado ninazo saba. Hapo namwangusha hata kwa nusu ya nguvu zangu. Waswahili husema mkono usioweza kuukata, ubusu, na msikilizaji wa haraka atadhani ni somo lilelile. Silo. Anayebusu mkono amekubali kwamba mkono utabaki juu yake. Mwanajudo anayerudi nyuma tayari anatafuta mguu wa kupiga ngwala.

Hata hivyo Kano aliikagua kanuni hiyo na kuiona haitoshi, na hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana. Aliuliza: mtu akinikumbatia kwa nyuma akanibana, nitalainika vipi? Hakuna msukumo wa kuufuata. Lazima nijinasue kwa nguvu. Mfuasi wa mapokeo angetafuta tafsiri ya kuiokoa kauli ya wahenga. Kano alitafuta kanuni pana zaidi, akaipata: katika kila tendo, tumia nguvu za mwili na akili kwa namna yenye faida kubwa kabisa. Aliiita seiryoku zenyo. Kurudi nyuma ni sehemu yake tu. Kuna wakati nguvu hutumika vema kwa kukaza. Katika kanuni hiyo nasikia wazi sauti ya mwanafunzi wa uchumi, na sioni kwamba inaipunguzia thamani. Kanuni iliyopimwa na kusahihishwa kwenye mkeka ina haki ya kuaminiwa kuliko ile inayoheshimiwa kwa umri wake tu.

Kutoka hapo hadi maisha ya kila siku palikuwa na hatua fupi. Mwaka 1889, mbele ya chama cha elimu cha Japani, Kano aliitetea judo kama kitu chenye sehemu tatu: mazoezi ya mwili, ustadi wa kupambana na malezi ya tabia. Mwaka 1932, akihutubia Los Angeles wakati wa Michezo ya Olimpiki, alisema kanuni ileile yahusu chakula, mavazi, nyumba, mahusiano ya watu na biashara. Mfano wake wa hasira ni mzuri mno: anayekasirika anatumia nguvu za akili, na akiulizwa amenunua nini kwa matumizi hayo, hana jibu. Naye hakuishia kuhubiri. Kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo. Alifungua shule ya vijana wa Kichina, ambako mwandishi Lu Xun alisoma. Na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Kuna watakaonipinga kwa jina la mpiga upanga Miyamoto Musashi, aliyeandika Gorin no Sho karibu mwaka 1645, au la mtawa Takuan, aliyemwandikia mwalimu wa upanga Yagyu Munenori kuhusu akili isiyokwama mahali pamoja. Ni kweli, upanga ulikuwa na fikra kabla ya Kano. Lakini fikra hizo zilisemwa ndani ya tabaka la wenye silaha, na maisha yaliyokusudiwa yalikuwa ya mtu mwenye bwana wa kumtumikia na adui wa kumuua. Hata kitabu kilichoutangaza duniani bushido, yaani maadili ya samurai, cha Nitobe Inazo, kilichapishwa Marekani mwaka 1900, tena kwa Kiingereza. Kano aliwafundisha watoto wa watu wasio na upanga, na mwaka 1926 Kodokan ikawa na idara ya wanawake.

Pingamizi zito zaidi ni la vita. Mwaka 1931 judo na kendo, mchezo wa upanga, zilifanywa somo la lazima kwa wavulana wa shule za sekondari, na serikali ya kijeshi ikazitumia kuandaa askari. Kano alifariki tarehe 4 Mei 1938 ndani ya meli ya Hikawa Maru, akirejea kutoka mkutano wa Olimpiki wa Cairo, wakati nchi yake ikiipiga China, nchi ya wanafunzi wake wa zamani. Baada ya 1945 wakuu wa Kimarekani waliiondoa judo shuleni, ikarudi mwaka 1950. Je, kanuni ya kutumia nguvu kwa faida haikumfaa jemadari sawasawa na mwalimu? Ilimfaa, na jambo hilo halifichiki. Lakini tayari mwaka 1922 Kano alikuwa ameweka kanuni ya pili kando ya ile ya kwanza, jita kyoei, kustawi pamoja mimi na mwenzangu. Watawala waliichukua ya kwanza na kuiacha ya pili.

Wengine huiona ya pili kuwa mahubiri yaliyobandikwa juu ya mchezo. Watazame mkeka. Jambo la awali analofunzwa mwanafunzi wa judo ni kuanguka bila kuumia, kwa maana atatupwa mara nyingi sana ili wenzake wajifunze, nao watatupwa na yeye. Mwenzake akivunjika mkono leo, kesho hana wa kufanya naye mazoezi. Kwa hiyo anayetupa haachii: mkono mmoja hubaki umeshika mkono wa nguo ya anayeanguka, ukiuvuta juu kidogo, kichwa kisigonge chini.