Uteuzi wa chipukizi wa michezo (Ngara na Biharamulo)
Uteuzi wa chipukizi ni utaratibu wa kuwapima na kuwachuja wanafunzi wanamichezo, ambao katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hupitia mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambako timu ya wilaya huchangia kikosi cha mkoa kinachokwenda ngazi ya taifa. Mwalimu wa michezo hutazama namna mchezaji anavyoupokea mpira, uwezo wa mguu wake dhaifu na pumzi aliyobakiza dakika za lala salama, huku akiwabaini vijeba, yaani waliopita umri unaotakiwa, ambao huleta vikombe bila kuacha mrithi. Kwa kulinganisha, katika besiboli ya Marekani, tangu 1965, klabu kuu huchagua chipukizi kwa zamu, kisha huwalea katika ligi ndogo, hivyo uteuzi hupimwa miaka mingi baadaye, kwa idadi ya waliofika ligi kuu. Ilhali mteule wa Ngara hurudi shuleni kwake bila klabu inayomfuatilia, na kwa sababu hiyo mafanikio ya uteuzi huhesabiwa, isivyostahili, kwa medali za msimu mmoja.