Kopo Lilitangulia, Kifunguo Kikafuata

Jioni moja huko Gudele, kitongoji cha magharibi ya mji wa Juba, nilikaribishwa chakula na rafiki yangu aliyejifunza Kiswahili katika kambi ya Kakuma nchini Kenya. Ugali ulikuwa tayari, na kitoweo kilikuwa samaki wa kopo. Kopo lenyewe halikuwa na pete ya kuvutia, wala nyumbani hapakuwa na kifungua-kopo. Tulijaribu kisu, kikapinda. Tukajaribu msumari na jiwe. Mwanawe, kijana wa shule ya msingi, akasema kwa adabu, "Mwalimu, ngoja nilete panga." Panga lilifungua kopo, na pamoja nalo kidole cha baba yake. Samaki tuliwala baada ya jeraha kufungwa kitambaa, ilhali ugali umekwisha poa.

Ndugu msomaji asidhani kuwa kisa hiki ni cha uhaba wa vyombo tu. Ni kikongwe karibu sawa na kopo. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alitunukiwa na serikali yake faranga 12,000 kwa kuvumbua njia ya kuhifadhi chakula kwa kukichemsha ndani ya chupa zilizozibwa barabara. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza nchini Uingereza, nayo ilitaja vyombo vya bati pia. Na kufikia 1813 kiwanda cha Bryan Donkin huko London kilikuwa kikitengeneza makopo. Yalikuwa ya chuma kilichopakwa bati, mazito, yametiwa lehemu. Kopo la nyama ya ndama lililochukuliwa na Parry katika safari yake ya bahari ya barafu mwaka 1824 lilikuwa na maelekezo kwamba mlaji akate ukingo wa juu kwa patasi na nyundo. Askari nao walitumia singe. Basi panga la Gudele lina ukoo mrefu!

Mmarekani Ezra Warner alipata hataza ya kifungua-kopo mwaka 1858, yaani miaka 48 baada ya ile ya Durand. Kifaa chake kilikuwa cha hatari, hata wenye maduka wakawa wanawafungulia wateja kopo palepale kabla hawajaondoka nalo. Desturi hiyo si ngeni kwetu: katika masoko mengi ya Afrika Mashariki mafuta ya kupikia huuzwa kwa kipimo kidogo kutoka chombo kikubwa, na anayepambana na kizibo ni mwuzaji. Gurudumu la kukatia lilikuja mwaka 1870, kazi ya William Lyman. Pete ya kuvutia ilingoja hadi Ermal Fraze, mhandisi wa Ohio, alipokwenda mandari mwaka 1959, akasahau kifungua-kopo, akalazimika kutumia bampa ya gari lake. Kwa maoni yangu, kufunga kulipata wanunuzi mapema, nao ni majeshi na merikebu. Kufungua kuliachiwa mlaji.

Sisi tulilipokea kopo kwa namna yetu. Jina tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni bilauri tu. Debe likatoka Bara Hindi. Debe la mafuta ya taa, la lita 18 hivi, likishatobolewa na kumalizika, lilipata maisha ya pili: kipimo cha mahindi, chombo cha maji, hata bati la kuezekea.

Pako mahali ambapo ugumu wa kufungua si mzaha. Mwaka 1996 Wafaransa André Briend na Michel Lescanne walibuni chakula cha watoto waliodhoofu, cha karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, katika pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500 hivi. Hakihitaji maji wala moto. Mama huibonyeza pakiti, akachana pembe, mtoto akafyonza. Baa la njaa lilipotangazwa Februari 2017 katika wilaya za Leer na Mayendit, Sudani Kusini, vyakula vya namna hii vilikuwa sehemu ya tiba.

Kesho yake nilizunguka soko la Gudele nikitafuta kifungua-kopo cha kumpa mwenyeji wangu. Mwuza vyuma mmoja aliniuliza ni kitu gani hicho. Nilipomweleza, alicheka, akanionyesha mapanga.