Mary Leakey, mchoraji wa Kolo

Wengi humjua mwanaakiolojia Mary Leakey kwa fuvu alilolivumbua Olduvai mwaka 1959. Hapa Kolo, Kondoa, penye michoro ya kale ya miambani, alikuja kama mchoraji, kazi aliyoianza ujanani kwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya vitabu vya akiolojia.

Mwaka 1951 alipiga kambi Kondoa pamoja na mumewe, Louis. Aliweka selofani juu ya mwamba wenye michoro, akafuatisha kila mstari kwa mkono, kisha akauchora upya kwa kipimo kidogo na kulinganisha rangi zake na za jiwe. Watengenezaji wa katuni za sinema wa enzi hizo nao walichora juu ya karatasi angavu, picha baada ya picha, hadi michoro ikatembea. Hii ya Kondoa imesimama, ingawa watu wake warefu wembamba wanaonekana kama wameanza hatua.

Alinakili michoro ipatayo 1,600. Kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka 1983, miaka zaidi ya thelathini baadaye. UNESCO iliyaorodhesha maeneo haya mwaka 2006.

Mungomi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo, bado ni mahali pa matambiko ya mvua na tiba. Usiguse michoro wala kuimwagia maji.