Templeti za Spredishiti: Cheki Hizi Vitu Kabla Uombe Loni ya Biz ya Omena

Templeti ni faili ya spredishiti iliyojengwa tayari: fomula ziko ndani, wewe unajaza namba zako tu. Excel na Google Sheets ziko na za bure, za bajeti, mauzo na makadirio ya faida. Kwa hasla wa Kisumu anayetafuta loni, hiyo inaokoa siku kadhaa za kazi. Lakini templeti huja na makisio ya mwenye aliijenga, na huyo msee huenda hajawahi kufika Dunga.

Miezi 12 ama 8?

Templeti nyingi rahisi huchukua mauzo ya mwezi mmoja na kuyazidisha mara 12. Sasa angalia omena. Kenya hufunga uvuvi wake Ziwa Victoria kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 ndio samaki wazaane. Tuseme hujaweka stoki, kila mwezi unabaki na 15,000 ukishatoa gharama, na loni inataka 12,000:

- Kwa templeti: 15,000 × 12 = 180,000. Toa loni 144,000, unabaki na 36,000.
- Kwa ziwa: 15,000 × 8 = 120,000. Toa loni ile ile, uko chini 24,000.

Fomula iko sawa. Kalenda ndio si yako, na ikifika Juni, doo ya fees ndio italipa loni.

Wa vizimba pia

Unafuga ngege kwa vizimba Siaya ama Homa Bay? Chakula ndio gharama kubwa kuliko zote. Ongeza pia mstari wa samaki wanaokufa. Mwishoni mwa 2022 wafugaji walipoteza samaki kibao ziwani maji yalipokosa oksijeni.

Cheki hivi

1. Anza na karatasi ya makisio. Badilisha bei, riba na ushuru, kisha ongeza ada za M-Pesa.
2. Jaza kila mwezi peke yake. Wa omena, weka sifuri Aprili hadi Julai.
3. Bonyeza kisanduku cha jumla. Ukiongeza mstari mpya chini kabisa, SUM inaweza kuuacha nje.
4. Punguza mauzo kwa robo. Loni bado inalipika? Kama zii, omba ndogo, ama uliza kama malipo yanaweza kufuata msimu.