Jina Lake Liko kwa Kitambulisho Changu

Watu wangu, leo sina vichekesho. Leo naomba radhi kwanza, halafu nawapa historia kidogo.

Aprili 2025 niliona video ya vijana wa rika letu wakitembea huko Poland. Wengi sana, wamevaa jaketi za buluu, wengine wanalia huku wameshikana mabega. Nikaichukua, nikaweka muziki wa kuchekesha, nikaandika juu yake: "Watoto wa matajiri wamelipa nauli waende kulia." Mlicheka. Hata mimi nilicheka. Wiki hiyo nilikuwa ushago, Mutomo huko Kitui, nikamwonyesha susu nikidhani pia yeye atacheka.

Hakucheka. Aliniuliza, "Hawa watoto wanamlilia nani?"

Nikamwambia ni Wayahudi, wanalilia watu wao waliouawa na Hitler, zamani sana, kabla hata wazazi wao hawajazaliwa.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Na wewe, yule uliyepewa jina lake, umewahi kumtafuta?"

Nilikwama. Jina langu la Kikamba liko kwa kitambulisho, liko kwa akaunti ya M-Pesa, na sijawahi kuuliza lilitoka wapi. Susu ndiye aliyesisitiza nipewe. Ni jina la kaka mkubwa wa baba yake. Alichukuliwa wakati wa vita vya kwanza, mwaka 1917 kama familia inavyokumbuka, na hakurudi. Hakuna barua iliyokuja. Hakuna kaburi. Jina tu ndilo lililobaki nyumbani.

Sasa kabla sijafika kwake, wacha niwaeleze wale vijana wa Poland, kwa sababu niliwacheka bila kujua wanafanya nini.

Ile safari inaitwa March of the Living. Ilianza mwaka 1988. Kila mwaka, siku ambayo Israeli inawakumbuka waliouawa, vijana wa Kiyahudi kutoka nchi nyingi hutembea kama kilomita 3, kutoka kambi ya Auschwitz hadi Birkenau. Hapo ndipo Wanazi waliua watu takriban milioni 1.1, wengi wao Wayahudi. Kwa jumla waliua Wayahudi milioni 6. Kilomita 3 ni mbali kidogo kuliko kutoka Kenyatta Avenue hadi Kariokor Market, na Kariokor tutarudi.

Kilichonishika si kutembea. Ni majina. Huko Jerusalem kuna taasisi inaitwa Yad Vashem. Tangu miaka ya 1950 inawaomba Wayahudi popote walipo wajaze fomu: jina la ndugu yako aliyeuawa, alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, nani alikuwa mamake. Fomu moja kwa mtu mmoja. Leo wana mamilioni ya majina na bado wanatafuta. Ukienda miji ya Ujerumani, utakuta vibao vidogo vya shaba vimepachikwa njiani mbele ya nyumba, vimeandikwa jina la mtu aliyeishi hapo na mwaka aliochukuliwa. Kazi hiyo aliianza msanii anayeitwa Gunter Demnig, na sasa vibao vimepita 100,000.

Yaani kijana wa miaka 17 anatoka New York au Buenos Aires, anafika Poland akiwa na jina la nyanya ya nyanyake mfukoni, analisoma kwa sauti mahali ambapo adui alitaka lisisikike tena. Akirudi nyumbani anajua yeye ni nani kuliko alivyojua akiondoka. Na mimi niliwawekea muziki wa kuchekesha.

Haya, turudi kwetu.

Vita vilipoanza 1914, Waingereza walikuwa hapa Kenya na Wajerumani walikuwa ng'ambo ya mpaka, Tanganyika. Lori zilikuwa chache na barabara hazikuwa. Farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kwa hivyo ni nani angebeba unga, risasi na vipuri vya mizinga? Mtu mweusi, kichwani. Hicho ndicho kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho midomo yetu ilikigeuza kikawa Kariokoo. Kariokor ya Nairobi, ile ya choma na viatu, ile ambako mama zetu wa Ukambani wanauza vyondo, jina lake linatoka kwa hao watu. Kariakoo ya Dar pia.

Mwanzoni watu wengine walienda kwa hiari au kwa kusukumwa kidogo. Mwaka 1917 serikali iliamua kukusanya watu kwa nguvu, na kazi hiyo akapewa John Ainsworth, yuleyule aliyekuwa ametawala Machakos miaka ya mwanzo ya ukoloni. Wilaya za Kitui na Machakos zilitoa wanaume wengi sana, na kumbuka Makueni ya leo ilikuwa ndani ya Machakos hadi 1992. Machifu walipewa idadi ya watu wa kutoa. Ukiwa kijana mwenye nguvu na huna mtu wa kukutetea, ulikuwa umeenda.

Mzigo ulikuwa kama kilo 25. Mshahara wa mpagazi ulikuwa rupia 5 au 6 kwa mwezi. Lakini wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, mapafu, baridi, na chakula. Walipewa unga usiosagwa vizuri, wakaupika haraka haraka njiani, ukawakata matumbo. Wanahistoria wengi hutaja wapagazi wasiopungua 95,000 waliokufa upande wa Waingereza katika vita hivi vya Afrika Mashariki. Soma hiyo namba tena. Na mshahara wa wengi waliokufa haukufika kwa familia zao.

Baada ya vita, askari wa kizungu walikumbukwa kwa majina yao. Wapagazi wakapewa sanamu. Mnaijua, iko Kenyatta Avenue tangu 1928, watu 3 wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Mmewahi kupatana hapo na mtu akichelewa. Makaburi ya wapagazi yenyewe yaliachwa yamezwe na pori. Si maneno yangu ya hasira: mwaka 2021 tume yenyewe ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri, na ikaomba radhi, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Agosti, mimi na mabinamu wawili tulichanga nauli tukatoka Mutomo. Hiyo lami mpya inapita Ikutha, inavuka mto Athi, inakutoa Kibwezi. Hapo uko Makueni na uko Mombasa Road. Tukapita Mtito Andei, tukafika Voi, tukashika barabara ya Taveta. Hii njia tumeipita mara ngapi tukienda Mombasa kula raha? Ukikata kulia pale Voi, unaingia ndani ya vita. Maktau. Mbuyuni. Kilima cha Salaita, ambapo tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walipigwa wakarudi nyuma. Watalii hutoka Ulaya wakaja kutembezwa huko. Sisi tunaokaa saa chache tu kutoka hapo hatujui.

Taveta kuna makaburi ya kijeshi. Tuliingia. Mawe yamepangwa kwa mistari: jina, kikosi, tarehe. Askari waliotoka Afrika Kusini wakafia hapa, na mtu amehakikisha wanajulikana. Tulipita mstari kwa mstari tukitafuta jina la kikwetu. Nilijua hatutalipata, lakini macho yangu hayakukubali kuacha kutafuta.

Wacha niwe mkweli. Yule wa kwetu hakufia Taveta. Kufikia 1917 vita vilikuwa vimehamia kusini, Rufiji, Kilwa, Lindi, hadi Msumbiji. Wengi walipelekwa huko kwa meli kutoka Mombasa. Huenda hakuwahi hata kuiona Salaita. Taveta ndipo nauli yetu ilipofika. Lakini tulisimama nje ya ule ua, mahali hapana jiwe lolote, nikalitaja jina lake kwa sauti. Ni ajabu sana kulitaja jina lako mwenyewe na ujue si wewe unayeitwa.

Najua mtakachosema, kwa hivyo nijibu mapema.

Wa kwanza atasema nafananisha vitu visivyofanana. La. Wanazi walikusudia kuwamaliza Wayahudi wote, hata mtoto wa siku moja. Waingereza hawakukusudia kuwamaliza Wakamba. Walituhesabu tu kama punda, na punda akifa unachukua mwingine. Ni makosa mawili tofauti. Ninachofananisha ni kazi ya waliobaki.

Wa pili ataleta Gaza. Sawa, lete. Kumbukumbu ya maumivu inaweza kukufanya uone maumivu ya jirani, na inaweza kukufumba macho usiyaone. Hata Waisraeli wenyewe hubishana kuhusu safari hizi za Poland: kwamba ni ghali, kwamba zingine zinapanda hofu kuliko hekima. Ubishi huo ni halali. Lakini dawa ya kumbukumbu inayotumiwa vibaya si kusahau.

Wa tatu, na huyu ndiye nayemwogopa zaidi, atasema, "Hii ni ukabila." Katika Kenya hii, kijana akianza kusema "watu wetu", tunajua inaweza kuishia wapi. Tuliona 2007. Lakini nenda usome nani walikuwa kwenye hicho kikosi. Mkamba alilala kando ya Mjaluo, Mkikuyu, Mluhya. Wagiriama walipigwa na serikali 1914, na sababu moja ilikuwa kukataa kutoa vijana wao. Nilianza safari nikimtafuta Mkamba mmoja, nikarudi nikiwa na ndugu wengi kuliko nilivyoenda nao. Kitambulisho kisichokuonyesha jirani yako bado hakijakutambulisha.

Tena si lazima tuangalie Poland. Kigali, vijana wa Rwanda walianzisha matembezi ya kukumbuka mwaka 2009, na wengi wanaotembea leo hawakuwa wamezaliwa 1994. Na sisi wenyewe Juni 25, 2025 tulitoka na maua na majina ya wenzetu waliouawa mwaka mmoja nyuma. Nani alitufundisha kusoma majina barabarani? Hakuna mwalimu. Tulijua tu kwamba mtu akibaki namba, ameuawa mara mbili. Sasa jiulize: mwaka 2125 nani atayasoma hayo majina ya Juni, kama sisi hatujui hata moja la 1917?

Mimi si mwanahistoria. Chuo chenyewe nilikiacha. Lakini simu ninayo na susu ninaye, na wengi wenu mnavyo vyote viwili. Likizo ijayo, kabla ya kupiga picha ya mbuzi na kibuyu, kaa chini uulize: nani alienda Kariokoo? Nani aliitwa jina langu kabla yangu? Rekodi. Andika. Halafu ukipata nauli, nenda, hata kama ni hadi Kenyatta Avenue tu.

Tuliporudi Mutomo usiku, susu alikuwa hajalala. Hakuniuliza kama nimempata. Aliuliza, "Mawe ya huko yana majina?" Nikamwambia ya wengine yanayo, ya kwetu hakuna. Akakaa. Halafu akaanza kutaja wanaume wengine wa upande ule wa kilima walioondoka pamoja naye, kama alivyosikia kwa baba yake. Majina manne. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

Ile video nimeifuta. Na leo kwa komenti sitaki kicheko wala emoji. Niandikie jina moja tu, na kijiji alichotoka.