Kutoka Dai la Mersenne hadi Usimbaji Fiche: Historia ya Namba 2⁶⁷ − 1

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Paris, alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa dai lake, 2 ikipandishwa kwavyo kisha ikapunguzwa 1 hutoa namba tasa. Kimojawapo kilikuwa 67. Namba inayopatikana, 147,573,952,589,676,412,927, ina tarakimu 21, na dai hilo lilidumu zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alilibatilisha bila kuonyesha kigawo hata kimoja. Jaribio lake lilichunguza mabaki ya mfululizo maalumu wa namba, likabainisha kwamba namba hiyo si tasa. Inagawanyika kwa nini, halikusema.

Vigawo vilitolewa mwaka 1903 na Frank Nelson Cole mbele ya wanahisabati wa Marekani mjini New York: 193,707,721 na 761,838,257,287. Eric Temple Bell alisimulia baadaye kwamba Cole aliizidisha hesabu hiyo ubaoni bila kutamka neno. Simulizi hilo, ambalo pengine limetiwa chumvi, limepata umaarufu kuliko kazi yenyewe.

Na kazi ilikuwa kubwa. Kwa kuwa 67 ni tasa, kila kigawo tasa cha namba hii ni lazima kizidi kigawe cha 134 kwa 1. Tena, kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Sharti la pili huondoa nusu ya namba za kujaribiwa. Hata hivyo, kigawo kidogo ni 134 × 1,445,580 + 1, hivyo kabla ya kukifikia zingesalia namba zaidi ya 700,000. Cole alizipunguza zaidi kwa nadharia ya mabaki ya mraba.

Pengo hilo, kati ya kujua kwamba namba inagawanyika na kuvijua vigawo vyake, ndilo Rivest, Shamir na Adleman walilolijengea mfumo wao wa usimbaji fiche mwaka 1977. Namba yao ya changamoto, yenye tarakimu 129, ilivunjwa mwaka 1994. Nyingine ya tarakimu 250 ilivunjwa mwaka 2020. Ugumu huo haujawahi kuthibitishwa kihisabati. Mwaka 1994 pia Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeuondoa. Nyaraka za serikali zinazosimbwa leo kwa mfumo huo, zikinaswa na kuhifadhiwa, zaweza kusomwa siku kompyuta hiyo itakapokamilika.